Taa ya Diski ya Ojara

Taa ya diski iliwaka, laptop ikakaa kimya. Nikachomoa waya wa diski, nikachomeka tena. Kimya. Laptop hiyo ya Linux niliisifu mbele ya mji mzima wa Bwera kwamba haijui virusi wala ukaidi; siku hiyo ningeitupa mtoni bila kujuta.

Enid, mjane wa askari Ojara, alisimama nyuma yangu. Nje, hapo kwake Karambi, shemeji yake Emma, ndugu wa kiume wa marehemu, na wenzake waliotoka Gulu, kwao Ojara, walikuwa wanapakia jeneza garini. Kwao mwanamume huzikwa kwa baba yake. Enid alishikilia kwamba marehemu alijirekodi video, iliyomo kwenye diski hiyo, akitaja anapotaka kulazwa, nyuma ya nyumba, penye kaburi dogo la mtoto wao Bright. Emma alimjibu kwamba maneno ya mjane hayasimamishi gari. Kama video ipo, aonyeshwe.

Niliiamuru laptop iorodheshe diski zote. Ikataja ya kwake yenyewe, basi. Mfa maji haachi kutapatapa: nikabadilisha tundu, nikazima, nikawasha, nikaomba Mungu, nikamtukana aliyevumbua kompyuta. Nje injini ikanguruma.

"Nobert, banamubeba," Enid alisema. "Mutu wangu anaenda."

Ndipo nikautazama waya. Mjinga mimi! Ulikuwa wa kuchajia simu, wa bei rahisi, kutoka soko la mpakani. Unapitisha umeme tu, si data, ndiyo maana taa ilinihadaa. Nikamuuliza waya halisi wa diski uko wapi. Akafumba macho. Ulikuwa ndani ya begi la jeshi la marehemu. Kambini walilifunga wakamkabidhi Emma, na begi la namna hiyo halifunguliwi kabla ya maziko.

Enid alitoka, akapiga magoti kwenye tope mbele ya shemeji yake, akaomba. Emma angeweza kukataa. Alinung'unika, akakata kamba ya begi, akauleta waya mwenyewe ili kusiwe na ujanja.

Nikachomeka, na diski ikajitokeza. Ojara alionekana ameketi kati ya mibuni yake, kofia magotini. Alisema kwa Kiswahili cha kambini, ili mke na ndugu wote wamsikie.

"Emma, pale nyumbani mama iko na baba. Hapa Bright iko peke yake."

Emma alitoka bila kututazama. Nilimsikia akimwambia dereva azime injini, kisha akauliza jembe liko wapi.