Ufunguo Wenye Udongo

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Rola, mtunza uwanja wa kriketi, aliupima uwanja wake kwa ufunguo wa nyumba. Kila asubuhi ya mechi alipiga goti kwenye ukanda wa katikati, pale ambapo mrushaji huudundisha mpira na mpigaji huungoja kwa gongo lake, akaudidimiza ufunguo ardhini. Ukizama jino moja, udongo umekauka: siku ya wapigaji. Ukizama matatu, mpira utashika chini na kujipinda: siku ya warushaji.

Ligi mpya ilipoingia, ile ya timu za matajiri zinazonunua wachezaji dunia nzima kuja kucheza mechi ya muda wa saa tatu tu, aliipokea kwa kununa.

"Kriketi ni siku nne," alisema. "Hii ni kumeza bila kutafuna."

Mechi za siku nne zilikuwa zimesukumwa hadi miezi ya mvua, na uchungu huo haukumtoka. Lakini alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki humpa sifa zake hata mgeni asiyemwalika. Jukwaa lililozoea wastaafu kumi na mbwa mmoja sasa lilifurika watu hadi ngazini. Na bintiye, aliyekuwa akipiga chapa barua ofisini na kufanya mazoezi siku za likizo, sasa alikula kwa jasho la vidole vyake. Alikuwa amekwisha kurusha mpira katika nchi nne.

Jumamosi hiyo binti alirudi na timu ya kigeni kucheza katika uwanja wa babaye. Akifanya vema, mkataba wake ungeendelea. Akivurunda, ndiyo kwaheri. Sheria ya ligi ilikuwa kali: wachezaji walinyang'anywa simu, wakalazwa hotelini, wala hawakuruhusiwa kupata habari yoyote kutoka kwa mtunza uwanja. Mzee Rola aliisifu sheria hiyo kuliko mambo yote ya ligi.

Alfajiri alipima, akarudi nyumbani. Kabla hajaufuta ufunguo akaitwa mbio: rola ya kushindilia uwanja imekwama. Akautundika msumarini, akatoka. Aliporejea kunywa chai, msumari ulikuwa mtupu.

"Ufunguo uko wapi?"

"Nimempelekea mwanao, nikauacha mapokezi ya hoteli; mlango huu unaojifunga wenyewe niliuzuia kwa jiwe," mkewe akajibu. "Mechi ikiisha atatutangulia, ajifungulie apumzike. Mbona umekodoa macho kama samaki wa kopo?"

"Uliufuta?"

"Niufute? Kwani ni kijiko?"

Mzee aliketi. Binti yule alijua kuusoma ufunguo huo kabla hajajua irabu. Udongo ulikuwa umefika jino la pili: mpira ungejipinda, ila kwa anayeurusha polepole. Akinyamaza, ushindi wa mwanawe utakuwa wa wizi. Akisema, huenda mwanawe akaondolewa mchezoni kwa kosa lisilo lake. Chai ilipoa kikombeni. Kisha akavaa kofia.

Afisa wa uadilifu wa ligi, mama wa makamo mwenye maneno machache, alikuwa katika chumba kidogo chini ya jukwaa, mbele yake sanduku la simu zilizobandikwa namba. Mzee alikataa kiti. Alieleza yote akiwa amesimama.

"Andika, mama. Mzembe ni mimi."

Afisa alivuta droo, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na ufunguo, udongo wake haujaguswa, na kikaratasi chenye mwandiko alioufahamu: *Umefika jino la pili. Siwezi kujifanya sikuuona.*

"Mwanao amekutangulia kwa saa nzima," afisa akasema. "Nimefanya kazi hii nchi sita, Mzee, na watu hunikimbia. Ninyi mnanipangia foleni."

"Atacheza?"

"Atacheza. Nimempa habari hiyohiyo kocha wa timu ya pili, wawe sawa. Nilipomwambia 'jino la pili', akaniuliza kama naumwa."

Mpira wa kwanza wa binti ulipigwa ukapaa juu ya paa la jukwaa. Watu wakalipuka kwa shangwe, na Mzee Rola, kwa aibu yake, akajikuta naye amesimama. Binti hakutikisika. Aliurusha wa pili polepole, juu zaidi, ukashuka kama uliosahau njia, ukajipinda na kuziangusha fimbo nyuma ya mpigaji. Kufikia mwisho alikuwa amewatoa wapigaji wanne. Mzee alikiri moyoni kwamba hata katika siku nne hajapata kuona mpira wenye subira kama ule.

Jua likiwa bado juu ya mapaa, Mzee Rola na mkewe walimkuta binti ameketi kizingitini, mkoba miguuni.

"Wameongeza misimu miwili, Baba."

"Hongera, mama. Mbona uko nje?"

"Si nangoja ufunguo."

"Ufunguo nimeuona kwa afisa."

"Hukuuchukua?"

"Nichukue kielelezo cha ushahidi?"

Binti aliangua kicheko, na babaye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, akaegemea ukuta akifuta machozi. Mkewe alikisukuma kitasa kilichojifunga chenyewe, chenye ufunguo huo mmoja tu. Hakikusogea.

"Waadilifu wawili nyumba moja," akasema, "na hakuna wa kunifungulia mlango."