Kiasi cha Maji

Saa mbili na robo asubuhi Apolonia alikuwa akipitia majibu ambayo wakala amewapa wafugaji tangu alfajiri. Alipofika kwenye jibu alilopewa mzee Mihayo wa Zagayu, akalisoma mara mbili.

Mzee aliuliza swali jepesi. Ana ndoo moja ya maji, anataka kuwaogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Atie dawa kiasi gani? Wakala, ile akili mnemba inayojibu ujumbe wa wafugaji kwa niaba ya ofisi yao ndogo pale Bariadi, alimjibu kwa adabu zote: baba, tia mililita mia nne.

Apolonia alikuwa afisa mifugo kwa miaka tisa kabla ya kuingia kazi hii. Ndoo moja, kwa dawa ile, ni mililita ishirini. Mia nne ni karibu chupa nzima.

Alimwita Selestini, mtaalamu wa kompyuta, akamwambia azime kwanza zana ya kuhesabia dozi, atamweleza baadaye. Selestini akazima, kisha akafungua kumbukumbu za jibu lile. Wakala hapigi hesabu mwenyewe. Anazo zana za kumsaidia, na ili azitumie husoma maelezo yaliyoandikwa juu ya kila zana. Alikuwa ameigeuza ndoo ya mzee kuwa lita, akaingiza ishirini. Zana yenyewe inahesabu kwa ndoo. Ikatoa dozi ya ndoo ishirini.

"Maelezo yanasemaje?" Apolonia aliuliza, ingawa alijua. Aliyaandika yeye.

"'Ingiza kiasi cha maji.' Basi."

Siku anayaandika hakuona upungufu wowote. Nani Simiyu nzima hupima maji ya kuogeshea ng'ombe kwa kitu kingine isipokuwa ndoo? Hakukumbuka kwamba msomaji wake hajawahi kusimama zizini.

Jibu lilitumwa saa moja na dakika arobaini. Apolonia alimpigia mzee simu, haikupatikana. Akapiga tena, ikaita hadi ikakatika. Mara ya tatu akapokea mwanamke, Anna, mke wa mzee.

"Mwangaluka, mayu," Apolonia alisalimia kwa Kisukuma. Anna akaitikia taratibu, akaanza kuulizia watu wa nyumbani, na Apolonia akamkata kauli, jambo ambalo mama yake mzazi asingemsamehe. Akamuuliza mzee yuko wapi. Yuko zizini, anaogesha.

"Mkimbilie, mama. Mwambie aache sasa hivi. Dawa imezidi."

Akasikia kandambili zikipiga ardhi, pumzi, ng'ombe wakilia, kisha maneno ya Kisukuma yaliyotupwa kwa mbali. Muda ukapita. Alipokuja kwenye simu, mzee Mihayo alieleza kwamba ndama wawili ameshawaogesha, alikuwa anamshika dume. Maji yalikuwa meupe kama maziwa na harufu ilimkaba. Alisita, lakini simu ilisema, naye aliamini simu ni ya wataalamu. Mikono haikuwa na glavu. Macho yalikuwa yanamwasha.

Apolonia akamwambia avue shati, aoshe mikono na uso kwa sabuni na maji mengi, kisha aende zahanati. Mzee alitaka kuanza na ndama.

"Baba, ndama watamwagiwa maji na wengine. Wewe anza na mwili wako."

Selestini alimsogezea karatasi: sema ni hitilafu ya mtandao. Apolonia aliisoma, akaigeuza kifudifudi.

"Na kosa ni langu, baba. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Mzee akauliza kama ina maana siku zote alikuwa akiongea na yeye.

"Hapana. Lakini yule anayekujibu anafuata ninachomwandikia."

Maji yakasikika yakimwagwa, simu ikakatika.

Afisa mifugo wa kata, aliyeitwa na Apolonia, alifika kwa mzee kwa pikipiki kabla ya saa tano. Mchana akapiga kueleza: mzee amerudi kutoka zahanati, anatapika kidogo lakini anaongea, ndama dume amesimama, ndama jike amekufa. Apolonia alishukuru, akaweka simu mezani, akakaa bila kugusa chai iliyokwisha kupoa.

Halafu akaandika upya. Maji yahesabiwe kwa ndoo za lita ishirini; lita ishirini ni ndoo moja. Mfugaji asipotaja kipimo, aulizwe, kisikisiwe. Zikizidi ndoo kumi, asipewe dozi, apewe namba ya afisa mifugo. Walimjaribu wakala kwa ndoo, kwa lita, kwa debe. Walipomwandikia "bomba moja", aliuliza ni bomba la kunyunyizia la lita ngapi. Selestini akashusha pumzi, akasema sasa wairudishe zana hewani.

Apolonia alikuwa tayari amefungua zana ya pili, ile ya chanjo. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: "Ingiza umri wa ndama." Miezi au miaka? Alijaribu kukumbuka alichomaanisha siku ile, akashindwa. Chini yake zilikuwa zana nyingine tisa, maelezo yote ameyaandika yeye.

Selestini akamkumbusha kuwa wafugaji wanasubiri majibu, wa Nkoma peke yao wameshatuma ujumbe kumi na saba.

"Tutawajibu mimi na wewe kwa simu," Apolonia alisema. "Zima zana zote."