Mgongo wa Baba Mkwe

Damari alifika hadi kona ya ofisi ya kijiji, akachungulia, akarudi nyuma kama kuku aliyeona mwewe. Jana alifanya vivyo hivyo. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa mbolea ya ruzuku. Ikimpita, mahindi yangetoka tena kama ya mwaka jana, membamba kama ndevu za mbuzi.

"Mama Fred, ofisi inang'ata?" Gloria, bibi shamba aliyehamishiwa huku Mbeya kutoka Iringa, alimfuata nyuma ya ukuta, kishikwambi mkononi.

"Kuna mtu mlangoni."

"Mwenyekiti wa kitongoji! Ndiye anayethibitisha shamba la kila mtu."

"Ni baba wa marehemu mume wangu."

"Si ndiyo vizuri? Una mtu wako ofisini."

Damari akacheka, pamoja na shida zake zote. Wahehe hawa! Wanyakyusa wengi siku hizi wameiacha mila hiyo, lakini yeye alifundwa Kinyakyusa hasa: mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala jina lake halitaji. Wakikaribiana njiani, yeye huingia kwenye migomba, mzee naye hugeukia kwenye kahawa. Tangu aolewe, alichokizoea kwa mzee ni kofia.

Alipomweleza, Gloria alishika kiuno. "Na njaa nayo mtapishana nayo kwenye migomba?"

Neno likamchoma. Damari akalitazama lile jengo, akaanza kulizunguka.

"Bibi shamba, dirisha la nyuma linafunguka?"

Lilifunguka. Gloria akaingia ndani, akamnong'oneza mzee. Kigoda kikaburuzwa, na Damari, kitenge kimemfunika hadi nyusi, akaona mgongo: koti kuukuu, na kofia ileile ikiutazama ukuta.

"Kama kuna mtu hapo nje," mzee aliuambia ukuta, "nami sisemi yupo, shamba lake liko juu ya kijito, limepakana na la kanisa. Alilima na mwanangu, ni lake. Ila safari hii apande kwa mstari. Mwaka jana nilipita nikaona aibu."

Damari alimnong'oneza Gloria, naye Gloria akatangaza: "Ukuta unaambiwa kwamba mistari ilikuwepo. Ng'ombe wa mwenyekiti ndio walioila."

Mgongo ukatikisika kwa kicheko.

Kishikwambi kikapitishwa dirishani. Damari akafuta udongo kidoleni, akabonyeza. Kikalia: amepokelewa.

"Ndaga," alishukuru, na hakusema anamshukuru nani.

Kofia ikainuliwa kidogo, bado ikiutazama ukuta.