Mche wa Mgeni Rasmi

Mche wa mgeni rasmi ulikuwa mali ya stoo. Uliandikwa daftarini pamoja na zulia na chepe lenye utepe, na mimi, mtunza kitalu wa Idara ya Mabonde, nilitia saini kuutoa na kutia saini kuurudisha. Miaka sita, wakubwa sita waliupanda kwenye shimo lile lile juu ya chemchemi, ukiwa bado ndani ya kiriba chake cha nailoni. Wakishapiga picha na kuondoka, naung'oa. Kilima kimebaki kipara, lakini ukisoma ripoti zetu utaogopa kukutana na chui.

Chini ya kilima hicho anaishi mama yangu, na chemchemi ile ndiyo tegemeo lake. Zamani ndoo ilijaa kabla hajamaliza kusalimiana na wenzake. Sasa anakinga kwa kikombe.

Mwaka jana alinikuta naung'oa. "Mwanangu, hivi huo mti mnaupanda au mnautembeza?"

Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni. Nikachana kiriba, nikaufukia kikwelikweli. Stoo nikarudisha kiriba kingine cha udongo chenye kijiti kikavu, na hakuna aliyeona tofauti.

Mama akaulea. Kila asubuhi alipandisha kilimani maji aliyooshea vyombo. Mwaka ulipozunguka, mti ulikuwa umenipita kimo, na udongo chini yake ulikuwa na unyevu.

Asubuhi ya sherehe, mkuu wa idara alikuja kukagua uwanja. Aliuzunguka mara mbili.

"Hiki nini?"

"Mti, mkuu."

"Naona ni mti. Shimo liko wapi?"

"Liko chini yake."

Akavua miwani, akaipangusa. "Mgeni rasmi atapanda wapi sasa? Zulia limeshatandikwa, kamera zimeelekezwa hapa. Huu mti unatuharibia upandaji miti. Uondoe."

"Lakini mkuu, si ndio tuliokuwa tunautaka?"

"Sisi tunapanda. Kuota si kazi ya idara hii. Utauondoa, au nitafute mwingine wa kufanya kazi yako?"

Nina watoto wanne na kazi moja. Nikaukata, nikang'oa na kisiki, shimo likapatikana. Sijajisamehe mpaka leo.

Mgeni rasmi akapanda mche mpya, na kiriba chake. Ilipofika zamu ya kumwagilia, kopo la stoo likakutwa limetoboka. Wakati huohuo mama akatokea na ndoo yake, kama kila siku. Msaidizi wa mgeni akampokea kwa heshima zote, kamera zikageuka, mgeni akamimina maji ya vyombo mpaka tone la mwisho. Watu wakapiga makofi.

Mama alingoja watulie. Akatazama huku na huku, kisha akanisogelea.

"Wangu uko wapi?"

Nikamwonyesha nyuma ya hema, walikokuwa wakichemshia chai ya wageni. Zilikuwa kuni mbichi, moshi mwingi, na mpishi alikuwa akilalamika kwamba haziwaki.