Siku Kumi na Nane Alizobakiza Kona

Jumatatu hiyo dada yangu aliondoka nyumbani alfajiri, na hakurudi. Uchungu ulimshikia kazini, katika chumba cha kufulia cha hoteli, shuka likiwa bado mikononi. Mtoto alipona. Yeye hakupona.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimempelekea chakula, nikamkuta akimwomba msimamizi likizo ya uzazi.

"Likizo ni kwa aliyetimiza miezi sita, mama. Wewe umebakiza siku kumi na nane."

"Bosi, mtoto hasomi kalenda."

"Basi mfundishe."

Wenzake walicheka, dada naye akacheka. Kisha akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, nikiondoka sasa, nafasi inakwenda. Acha nizimalize hizo siku, halafu nikae na mwanangu, wanitafute kwa tochi."

Kila shuka alilikunja akichomeka pembe moja ndani, kama mtu anayemfunika mtoto miguu. Hakuna mwingine aliyekunja hivyo. Ndiyo maana walimwita Kona.

Siku tatu baada ya mazishi, mpiga pasi mwenzake alikuja kwetu, akakataa kukaa.

"Shoga, mlimzika kweli?"

"Swali gani hilo?"

"Tangu Jumanne, kila tukifungua asubuhi tunakuta rundo limeshakunjwa. Mashuka yote yana ile kona yake."

Msimamizi alibadilisha kufuli, ufunguo akalala nao. Mashuka yakaendelea kukunjwa. Siku ya kumi na tisa tangu Jumanne ile, mpiga pasi alinipigia simu. Chumba kilikuwa shaghalabaghala, hakuna hata shuka moja lililokunjwa.

"Amemaliza," alisema.

Jioni hiyo nilianua nepi za mtoto, nikazirundika kitandani, nikaenda jikoni kuchemsha maji. Niliporudi zilikuwa zimekunjwa, kila moja na pembe yake imechomekwa ndani. Mtoto, ambaye tangu azaliwe hakujua kutulia bila kubebwa, alikuwa amelala chali, macho wazi, akimtazama mtu ambaye mimi sikumwona.

Ikawa hivyo kila siku. Niliweka kiti kando ya kitanda, sikuthubutu kukikalia. Mtoto akanenepa. Nilimuuliza mpiga pasi likizo ya uzazi kwao ni siku ngapi.

"Themanini na nne. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Leo ni siku ya themanini na nne. Nepi zimekunjwa, na kiti bado kina joto. Kesho asubuhi dada anarudi kazini, na mimi nabaki na mtoto.