Laini ya Mlimani

Katika chumba cha simu za ambulensi hakukuwa na mbishi kama Mama Akiba. Jina hilo walimbandika wapokea simu, kwa sababu kila kikao alisimama na neno lake lile lile: akiba haiozi. Wakisema viti vimechoka, yeye anajibu viti baadaye, kwanza laini ya pili. Wakisema feni haizunguki, laini ya pili. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao wa chumba kile, na alijua jambo ambalo wenzake hawakupenda kulifikiria: simu zote za watu wanaougua, wanaoungua na wanaojifungua ziliingia pale kwa kebo moja tu. Kebo ile ikikatika, chumba chenye watu wanane na ramani ya ukuta mzima kinageuka chumba cha watu wanaotazamana.

Mwishowe walichoka kubishana naye, wakampa. Laini ya kwanza ilifuata barabara kuu na kupita njia panda ya sokoni. Ya pili ilitakiwa kuzunguka nyuma ya mji, ipande mlima, iteremkie upande wa pili. Ilikuwa ndefu mno, na ndiyo ilikuwa maana yake, kwamba atakayeikata ya barabarani asiweze kuigusa ya mlimani hata akitaka. Kampuni iliyopata kazi ya kuchimba ndiyo aliyofanyia kazi mumewe, na mumewe ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji. Wenzake wakamtania, wakamuuliza kama nyumbani nako ana mume wa akiba. Akawajibu kwamba huyo mmoja anamtosha.

Kwa taratibu, fundi hasaini kupokea laini mpaka aitembee mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Lakini wakati ule Mama Akiba alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba hata viatu havimwingii.

"Wewe na tumbo hilo, mlimani?" mumewe alimwambia. "Kaa, mama watoto. Nitaupanda mimi, nitakueleza kila kitu."

Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema laini imepita vizuri. Mama Akiba akaona kweli amepata mume, akasaini. Mtu akikufanyia wema hata hujamwomba, unashukuru, huendi kuukagua.

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi aliijaribu laini ya akiba. Alikuwa akichomoa kebo ya laini kuu kwenye ruta, kisanduku kinachoelekeza simu, kwa mkono wake, huku simu za watu zikiendelea. Ruta kazi yake ni kusalimu. Kila baada ya muda mfupi humsalimu mwenzake aliye upande wa pili, na asipoitikiwa huihamishia safari kwenye laini nyingine, bila mpigaji kujua kwamba sauti yake imebadili njia. Kiongozi wa wapokea simu, mwanamke mtu mzima waliyemwita Shangazi, alikuwa akimwinulia dole gumba bila kuvua spika za masikioni. Maana yake sauti haijakatika. Kisha Mama Akiba humpigia mumewe amwambie jaribio limepita, na mumewe humwambia hongera.

Miezi ikapita hivyo, mtoto akaota meno, akatembea, akaanza kusema. Hakuna aliyekaa akawaza kwamba kuchomoa kebo pale chumbani ni kuijaribu ruta, siyo kuijaribu ardhi.

Asubuhi moja Shangazi alikuwa akizungumza na mwanaume ambaye mkewe chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. "Tupo nyuma ya," alisema yule bwana, na sauti ikaisha.

"Nyuma ya nini, baba?" aliuliza Shangazi. "Nyuma ya nini?"

Meza zote zilinyamaza kwa mpigo. Mama Akiba alikimbilia kwenye ruta akakuta taa mbili nyekundu. Ya kwanza aliielewa, kwa sababu manispaa walikuwa wameleta katapila sokoni kuzibua mitaro ya maji ya mvua. Ya pili hakuielewa kabisa. Aliigombeza ruta, akaizima, akaiwasha, ikarudi na nyekundu zake mbili. Akampigia mumewe kwa simu ya mkononi, chumba kizima kikisikia.

"Laini ya mlimani imekufa," alisema. "Tuma watu mlimani sasa hivi."

"Usitume mtu mlimani," alisema mumewe. "Tukutane njia panda ya sokoni."

Hakumwelewa, lakini alikwenda. Alilikuta katapila limeinua mkono juu, dereva wake kajishika kiuno, na pembeni shimo lenye maji ya tope. Ndani ya shimo kulikuwa na bomba moja jeusi lililochanwa, na ndani ya bomba kebo mbili zimekatwa kwa pigo moja. Moja ya buluu. Nyingine ya machungwa. Rangi ya machungwa aliichagua yeye mwenyewe kwa laini ya mlimani, ili fundi yeyote asije akazichanganya.

Aliteremka shimoni na viatu vyake vya ofisini. Aliivuta ile kebo akitumaini ni ya watu wengine, maana rangi hazina mwenyewe. Aliifuta tope kwa upindo wa sketi na kukuta lebo yenye namba anayoijua kama tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa amesimama ukingoni.

"Hii inafanya nini hapa?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza inafanya nini hapa."

"Nyumbani, mama watoto. Watu wanasikiliza."

Na kweli watu walikuwa wanasikiliza. Wauza mboga walikuwa wameacha wateja wao. Mama Akiba alibaki amechuchumaa mle shimoni na kebo mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka, hajui avute au aachie. Kitu kimoja kilimuumiza kuliko tope na macho ya watu: mumewe hakushangaa. Alikuwa amekuja moja kwa moja mahali penyewe.

Simu zilirudi baada ya adhuhuri, mafundi walipomaliza kuunga. Mtoto wa yule bwana hakusubiri mtandao. Alizaliwa kiti cha nyuma cha gari la jirani, salama yeye na mama yake. Baba mtu alipiga tena, akawatukana wote kwa zamu. Shangazi alimwacha amalize, kisha akamwambia ana haki.

Mkurugenzi wa ambulensi alitaka maelezo siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyeambiwa kwa mdomo wa Mama Akiba, mbele ya watu, kwamba chumba hiki hakiwezi kukatika. Sasa alitaka kujua nani alidanganya, na karatasi ya kupokea laini ilikuwa na saini moja tu ya watu wake. Mama Akiba aliomba apewe hadi kesho asubuhi. Tuseme ukweli: alitaka kumpa mumewe nafasi ajitaje mwenyewe. Mwanaume akijitaja, hata akifukuzwa kazi, anarudi nyumbani mtu. Jioni ile mumewe alisema kichwa kinamuuma, akalala mapema amegeukia ukutani. Mkewe akachukua hata hilo kama dalili ya aibu, akamfunika shuka.

Kulipokucha hakumkuta kitandani. Alimkuta kwenye kikao cha Mkurugenzi. Alikuwa ameshakaa, kanyoa, kavaa shati alilopigiwa pasi na mkewe mwenyewe juzi, na pembeni yake bosi wake wa kampuni. Shangazi naye alikuwepo, ameitwa kueleza simu zilikatika vipi.

"Mwenzio ameshatueleza," alisema Mkurugenzi, naye hakuwa na raha. "Anasema mlikubaliana. Ulijua kebo zote mbili zipo bomba moja, ukasema ziwekwe hivyo kwa muda, ukasaini."

Mama Akiba alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama meza. Jana Mama Akiba alikuwa amesalitiwa na msimamizi wa wachimbaji, na hilo angelimeza polepole kama watu wanavyomeza. Leo alikuwa amesalitiwa na mumewe. Aliogopa akifungua mdomo atalia mbele ya wanaume wale. Hakulia. Alikaa na kuweka mikono mezani.

"Mkurugenzi, naomba uniulize kwa nini laini haikupita mlimani."

"Kwa nini haikupita?"

"Sijui," alisema. "Kama tulikubaliana, ningekuwa najua. Mpaka sasa hivi hakuna aliyeniambia. Sijui kama ni maji, sijui kama ni mwenye shamba alikataa. Muulize yeye, na mimi nisikie."

Mumewe alijikuna shingo. Bosi wake alisogeza kiti, kidogo tu, lakini kila mtu aliona kimesogea kuelekea wapi.

"Jabali," alisema mwishowe. "Nilipanda kweli. Nikakuta jabali tupu, mtambo ukavunjika meno. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa imefika. Nikazipitisha bomba moja, nikasema nitarudi."

"Lini?" aliuliza Shangazi. Hakuna aliyempa nafasi ya kuuliza, naye hakuiomba. "Mtoto wenu siku hizi anaimba, baba."

"Na mkeo alijua lini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Jana," alisema mumewe, kwa sauti ambayo katika chumba cha simu wangemwomba arudie.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya bomba moja ilikuwa fupi kweli, ila ilichukua miaka miwili kufika. Mumewe alipoteza kazi siku ile. Mama Akiba alipewa onyo kwa kupokea laini ambayo hakuitembea, na hilo hakulibishia, yeye ambaye hubishia hata hali ya hewa. Mumewe alimsubiri kwenye ngazi.

"Kwa nini ulinitaja mimi?" Mama Akiba alimuuliza.

"Wewe hawawezi kukufukuza. Wanakuhitaji. Wangekugombeza, yakaisha, na mimi ningebaki na kazi yangu. Nilipiga hesabu ya nyumba nzima." Alisema kama mtu anayeeleza jambo la busara, na hapo ndipo alipomtisha. "Sisi ni mke na mume. Mzigo wa mmoja ni wa wote."

"Mzigo mtu anaombwa akusaidie kuubeba," alisema Mama Akiba. "Hatupiwi kichwani akiwa haangalii."

Wiki ile mumewe alihamia kwa dada yake. Hapakuwa na kelele wala vyombo kuvunjwa. Alifungasha nguo mwenyewe, akauliza kama achukue redio, akaambiwa achukue.

Laini ya mlimani ilichimbwa upya na watu wengine, na safari hii Mama Akiba aliitembea hatua kwa hatua, amevaa mabuti ya kuazima. Msimamizi mpya alikuwa kijana muungwana, kila alipomwambia, "Hapa imepita, mama, niamini," alijibiwa, "Fukua nione." Jabali lilikuwepo kweli, jeusi, kubwa kuliko nyumba. Aliliwekea kiganja. Kisha akaona kwamba upande wa kushoto palikuwa na udongo laini, na wachimbaji walilizunguka bila shida. Mumewe angemwambia jioni ile ile, wangelizunguka pamoja. Aliketi juu ya jiwe akalia hadi akaishiwa, na yule kijana akajifanya anakagua koleo.

Mtoto alikuwa akipelekwa kwa wifi kila Jumamosi ili amwone baba yake. Jumamosi moja Mama Akiba yupo kazini, mumewe akapiga simu.

"Mtoto alichemka kidogo," alisema. "Nimempeleka zahanati, wamempa dawa, sasa amelala. Usihangaike kuja. Maliza kazi yako, mimi nipo naye."

"Sawa. Ahsante," alisema Mama Akiba, akakata simu, akachukua mkoba.

Hakwenda kwa wifi kwanza. Alikwenda zahanati akamsumbua nesi mpaka nesi akakubali kwamba ndiyo, alikuja mwanaume na mtoto wa kike mwenye homa. Ndipo akaenda kwa wifi. Alikuta kila kitu kama alivyoelezwa. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka amepitisha mkono chini ya shavu, paji la uso limepoa, dawa ipo juu ya stuli na kijiko chake. Mumewe alikuwa ameketi chini anampepea kwa kipande cha boksi. Wifi alikuwa mlangoni akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Umepitia zahanati," alisema mumewe.

"Nimepitia."

"Na umeona nilikwambia kweli."

"Ulinambia kweli."

Alitafuta moyoni ile nafuu anayopata mtu akishamdhania mwenzake vibaya kisha akakuta amekosea. Nafuu ya mtoto aliipata, akamshukuru Mungu. Ya mume haikuja. Alisubiri kidogo, kwa kuwa hata yeye aliitaka, maana alikuwa akimpenda bado, na huo ndio upumbavu wa moyo. Haikuja.

Aliichukua ile chupa ya dawa. Akasoma jina la mtoto, akasoma tarehe, akaigeuza akasoma na upande wa nyuma. Kisha akaifungua kifuniko, akainusa aone kama ni dawa kweli.

Mumewe alimwona akinusa. Alikiweka chini kile kipande cha boksi, taratibu ili mtoto asiamke, akainuka akatoka nje.