Mwanafunzi wa Rangi ya Njano

Chuoni kwetu mimi ndiye ninayefuatilia nani amemaliza kozi ya mtandaoni ya walezi wa watoto. Asubuhi hiyo wanafunzi wote walikuwa kijani, yaani wamemaliza, kwenye skrini yangu, isipokuwa mmoja wa njano: mama mkwe wangu. Kozi ilikuwa inafungwa saa kumi, na bila cheti kituo cha watoto kisingemwajiri. Nikaenda nyumbani mbio.

"Mama, masomo yote umeyatazama. Mbona hujabonyeza 'Nimemaliza'?"

"Nimemaliza nini, mwanangu? Namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa nimeiona kwenye simu tu, mkono wangu haujafanya. Nibonyeze uongo?"

"Ni kitufe tu, si kiapo!"

"Kwako wewe."

Kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu. Nikamletea mwanasesere wa binti yangu. Akamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Ila huyo angekuwa hai, angelia."

"Akilia ndiyo kapona," akasema, akabonyeza.

Kwenye simu yangu jina lake likageuka kijani, nami nikarudi kazini bila haraka.